Msingi wa Nyumba katika Ardhi ya Ziwa: Habari za Kasingirima na Ujiji

Katika kila nyumba ipo sehemu moja ambayo mwenyewe huilipia kwa fedha nyingi, kisha huifukia asiione tena maisha yake yote. Sehemu hiyo ni msingi. Ukuta husifiwa kwa unyofu wake na paa kwa mng'aro wa mabati yake, lakini msingi hutajwa siku mbili tu: siku ya kuchimbwa na siku ya kushindwa. Kwa sababu hiyo historia ya ujenzi katika Afrika Mashariki, kama ilivyozoeleka kuandikwa, ni historia ya milango, nakshi, baraza na mapaa. Habari za chini ya ardhi zimeachiwa mafundi. Insha hii inazitazama habari hizo katika mahali ambapo ardhi yenyewe haikutulia tangu ilipoanza kuandikiwa habari zake, yaani ufukwe wa Ziwa Tanganyika katika mji wa Ujiji, na hasa Kasingirima, kata iliyo upande wa Ujiji katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji.

Jambo linalothibitishwa na habari hizo laweza kusemwa kwa maneno machache. Mtu achaguaye msingi katika ardhi isiyotulia hachagui kwanza mawe, saruji wala nondo. Huchagua kwanza muda wa kuipimia ardhi. Aliyeipima kwa miaka kumi huona kiwanja kikavu. Aliyeipima kwa miaka mia na hamsini huona sehemu ya ziwa ambayo maji yameiacha kwa kitambo. Wote wawili husimama mahali pamoja, lakini msingi unaomridhisha wa kwanza hauwezi kumridhisha wa pili.

Ziwa Tanganyika limelala katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Urefu wake ni yapata kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470, kiasi kwamba katika maziwa yote ya dunia ni Baikal peke yake lililolipita kwa kina. Mito mingi huingia humo, mikubwa ikiwa Ruzizi utokao kaskazini na Malagarasi utokao mashariki. Mto unaoyatoa maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Hata hivyo Lukuga hauchukui ila sehemu ndogo. Sehemu kubwa ya maji hupotea angani kwa jua na upepo. Hivyo usawa wa ziwa ni kama hesabu ya duka dogo: mapato ni mvua, matumizi ni jua, na faida au hasara huonekana ufukweni. Kila mwaka maji hupanda mpaka Aprili au Mei, mvua zinapokwisha, kisha hushuka mpaka Oktoba au Novemba, na tofauti ya kawaida haifiki mita moja. Lakini juu ya mwendo huo wa mwaka upo mwendo mwingine wa miaka mingi, usio na kalenda. Huo wa pili ndio uliowaponyoka wajenzi.

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, hawakukuta mji wa mawe. Walikuta vijumba vilivyotawanyika katikati ya mashamba, na tembe lililojengwa na mfanyabiashara Mwarabu, ambalo lilikuwa limekwisha anza kuharibika. Burton aliutazama mji kwa jicho la mtu aliyezoea majumba, akaona upungufu. Yamkini jicho la fundi lingeona jambo jingine. Nyumba ya msonge, ya miti, fito na majani, ni nyepesi kuliko jengo lolote la udongo mzito au mawe. Nguzo zake huchimbiwa ardhini moja moja, na hakuna mtaro wa msingi uzungukao nyumba nzima. Ardhi ikididimia upande mmoja, nyumba hupinda kidogo na nguzo husimamishwa upya. Maji yakikaribia, wenyewe huhama na sehemu ya miti yao, na hasara ni kazi ya siku chache. Nyumba ya namna hiyo haikukosa msingi. Msingi wake ulikuwa wepesi wake wenyewe. Uzito ulilinganishwa na ardhi, na umri wa nyumba ulilinganishwa na tabia ya ziwa.

Tembe lilikuwa na hesabu tofauti. Kuta zake ni nene na za udongo, na paa lake tambarare hubeba udongo mwingi. Katika bara kavu la Unyanyembe, mahali ambapo Waarabu na Waswahili wa misafara walikuwa na makao makubwa, jengo hilo lilifaa, kwa sababu adui wa kuta zile ni maji, na maji yalikuwa machache. Ujiji lilikabiliwa na mvua kutoka juu na unyevu kutoka chini. Mji ulipokua kwa biashara ya pembe na kwa biashara ovu ya watumwa, wakazi wengine walijenga nyumba za umbo la pwani: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na baraza mbele. Umbo hilo halikuwa la heshima na mazungumzo peke yake. Sakafu yake hujazwa udongo na kushindiliwa mpaka ipande juu ya uwanja. Ukingo wa baraza huzuia maji ya mvua yasifike kwenye mguu wa ukuta. Na ukuta wa miti iliyokandikwa, ukipata ufa, hukandikwa tena. Hapa ilipatikana nyumba ya katikati: nzito kuliko msonge, nyepesi kuliko tembe, na iwezayo kutengenezwa kwa mikono ya jirani na udongo wa uani.

Wakati huohuo ziwa lilikuwa likipanda. Verney Lovett Cameron alifika Ujiji Februari 1874, na mwezi wa Mei mwaka ule akaufikia Lukuga, akaukuta mdomo wake umezibwa na mimea. Stanley, aliyekutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871, alirudi mwaka 1876 akashangaa kwa aliyoyaona: miti mitatu ya jamii ya mchikichi, iliyokuwa katika uwanja wa soko miaka mitano nyuma, ilikuwa sasa ndani ya ziwa, kama futi 100 kutoka nchi kavu, na mchanga waliotembea juu yake pamoja na Livingstone ulikuwa umefunikwa. Hapana shaka waliofanya biashara chini ya miti ile walidhani soko lao liko juu ya nchi kavu. Kumbe walikuwa wamekodishwa uwanja na ziwa, na siku ya kuurudisha ilikuwa imefika.

Kisha likaja badiliko la upande wa pili. Edward Coode Hore, baharia wa jumuiya ya wamisionari wa London, alifika Ujiji Agosti 1878. Katika mwaka ule kizuizi cha Lukuga kilishindwa na uzito wa maji, na Hore alipouzuru mto mwaka 1879 aliukuta ukienda kwa nguvu kuelekea bonde la Kongo. Kutoka hapo mpaka mwaka 1894 ziwa lilishuka kwa takriban mita 10, yaani zaidi ya futi 30. Katika ukingo wa milima tofauti hiyo haionekani sana, kwa maana maji hushuka wima kwenye mwamba. Lakini Ujiji ni nchi ya mteremko mdogo, na kusini yake Mto Luiche huingia ziwani kwa mdomo mpana wa mchanga na tope. Huko maji yaliposhuka yaliacha ardhi kubwa. Mgeni anayezuru leo mahali paliposimikwa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley hulazimika kwenda mbele tena kabla ya kuyafikia maji, akadhani labda watu wale walipenda kukaa mbali na ziwa. Ziwa ndilo lililowahama.

Sehemu za chini za Ujiji, pamoja na za Kasingirima, zinapaswa kusomwa kwa kumbukumbu ya jambo hilo. Kila ardhi iliyo chini ya usawa wa mwaka 1878 ilikuwa chini ya maji wakati ambao babu wa wazee wa leo walikuwa hai. Ardhi ya namna hiyo haikuumbwa kwa kitu kimoja. Ni matabaka: mchanga uliooshwa na mawimbi, chini yake tope laini lililotulia wakati wa maji mengi, kisha mchanga tena, na hapa na pale mabaki ya matete na mimea iliyooza. Fundi akichimba futi tatu akakuta mchanga mgumu hufurahi, naye ana haki ya kufurahi, ila hajui bado mchanga ule umelalia nini.

Mwaka 1925 Karl Terzaghi, mhandisi Mwaustria aliyekuwa akifundisha Istanbul, alitoa kitabu kilichoifanya elimu ya udongo kuwa elimu kamili. Jambo kubwa alilolieleza laweza kufahamika bila hesabu. Udongo uliolowa ni chembe pamoja na maji yaliyo katikati ya chembe. Nyumba nzito ikiwekwa juu ya tope, kwanza mzigo hubebwa na maji yale. Maji, yakiwa yamebanwa, hutafuta njia ya kutoka, na katika udongo wa mfinyanzi njia ni nyembamba mno, hata kutoka kwake huchukua miezi au miaka. Kadiri yatokavyo, chembe husogeleana na ardhi hudidimia. Ndiyo sababu nyumba hukaa salama siku ya kuhamiwa na hupasuka watoto wanapoanza shule. Tena, kama tope ni nene upande wa jikoni na jembamba upande wa baraza, nyumba hushuka kwa vipimo viwili, na ufa hupanda ukutani kwa ngazi, ukifuata viungo vya matofali.

Hapo methali maarufu isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta huwa pungufu. Katika ardhi njema, ufa ni ugonjwa wa ukuta, na kuuziba ni tiba. Katika ardhi ya ziwa, ufa ni habari iletwayo na ukuta kutoka chini. Mwenye nyumba akiuziba kwa saruji na kuupaka chokaa, amemnyamazisha mjumbe na ujumbe haujasomwa.

Ulinganifu mzuri wa jambo hili upo Kigoma yenyewe. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, wala haikuishia Ujiji, ijapokuwa Ujiji ndio uliokuwa mji wenye jina na soko. Hoja ya kwanza ilikuwa bandari: ghuba ya Kigoma ina kina na kinga, na Ujiji ni ufukwe wazi wa maji haba, uliokuwa umekwisha onyesha jinsi uwezavyo kusogea. Lakini pamoja na bandari ulikuja mwamba. Vilima vya Kigoma ni vya mawe magumu ya mchanga ulioganda na udongo mwekundu, na majengo ya Wajerumani, pamoja na kituo cha reli, yalipata mahali pa kuegemea. Majengo mazito yalipelekwa penye ardhi nzito, na Ujiji uliachiwa nyumba zake za miti na udongo. Hivyo katika umbali usiofika kilomita kumi zilikaa jirani namna mbili za ujenzi, na kila moja ilikuwa na akili mahali pake.

Taabu ilianza namna hizo mbili zilipochanganywa. Katika karne ya ishirini saruji, bati na tofali la kuchoma viliingia katika nyumba ya mtu wa kawaida. Hakuna wa kulaumu tamaa hiyo: tofali haliliwi na mchwa, na bati halihitaji kuezekwa upya kila baada ya misimu michache. Lakini ukuta wa tofali ni mzito kuliko ukuta wa miti, na juu ya uzito wake ni mgumu usiokubali kupinda. Mara nyingi uliwekwa juu ya mtaro wa futi mbili uliojazwa mawe na udongo, kwa kuwa huo ndio msingi uliozoeleka. Ukatokea mwili wa Kigoma juu ya miguu ya Ujiji. Nyumba ilipata uzito wa mwamba bila kupata mwamba, na ikapoteza wepesi wa msonge bila kupata badala yake.

Na ziwa lilikuwa halijamaliza mwendo wake. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961 ziliinua maziwa ya Afrika Mashariki yote. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na Tanganyika likafika kilele mwaka 1964, karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Baadaye lilishuka tena, na kwa miaka mingi ufukwe ulikuwa mpana. Kizazi kilichozaliwa wakati huo kilikua kikicheza juu ya mchanga ambao wazazi wao waliuona chini ya maji, na waliofikia umri wa kujenga waliukuta mchanga uleule umegeuka viwanja. Kuanzia mwaka 2020 maji yalipanda tena mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2024 yalikaribia kipimo cha 1964. Pwani ya Bujumbura iliingiwa na maji. Uvira na Kalemie pia. Na upande wa Kigoma maji yalikula fukwe na kuingia katika majengo ya ufukweni. Wengi waliita tukio hilo jambo lisilopata kuonekana. Miaka sitini ilitosha kulifanya lisahaulike.

Sasa yafaa kuuliza: mtu wa Kasingirima mwenye kiwanja katika sehemu za chini, naye hana kingine, achague msingi gani? Jibu haliwezi kuwa moja, lakini njia ya kulitafuta ni moja.

Kwanza achimbe mashimo ya majaribio, si shimo moja, bali angalau moja katika kila pembe ya nyumba, yaende chini kuliko mtaro anaoukusudia. Nao ni uchimbaji wa mwezi wa Aprili au Mei. Wajenzi wengi huchimba Agosti au Septemba, wakati ardhi ni kavu na kazi ni rahisi. Maana yake huipima ardhi siku ambayo imeficha aibu yake. Shimo la Mei huonyesha maji yanasimama wapi, na ikiwa pembe nne zinatoa udongo wa namna nne, fundi amekwisha ambiwa kwamba nyumba itashuka kwa vipimo vinne.

Pili, autazame msingi wa kawaida wa mtaro. Huo hufaa ikiwa chini ya tabaka la juu pana mchanga uliokaza au moramu kwa kina cha kutosha. Kuupanua husaidia, kwa kuwa mzigo uleule ukigawanywa juu ya eneo mara mbili, shinikizo kwa kila futi ya mraba hupungua nusu. Lakini upanuzi una mpaka wake: mtaro mpana huufikisha uzito chini zaidi kuliko mtaro mwembamba, na ikiwa tope limelala hapo, mjenzi ameongeza gharama ili aliguse.

Tatu, ipo njia ya kuondoa udongo mbaya na kuweka mwema. Tope likiwa la futi tatu au nne, huchimbwa lote, na mahali pake hujazwa moramu au kokoto kwa matabaka membamba, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine. Kasoro ya kawaida hapa ni haraka. Kifusi kikimwagwa kwa lori mara moja na kushindiliwa juu tu, huwa ni ardhi mpya isiyotulia juu ya ardhi ya zamani isiyotulia.

Nne, upo msingi ambao mafundi wa Tanzania wangeuita jamvi zito: bamba moja la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima, kingo zake zikiwa nene. Nyumba hukaa juu yake kama ngalawa juu ya maji. Jamvi halizuii ardhi kushuka, ila huilazimisha nyumba kushuka kwa pamoja, na kushuka kwa pamoja si msiba. Msiba ni kushuka kwa kutengana. Kwa nyumba ya chini isiyo na ghorofa katika udongo wa matabaka, msingi huu aghalabu ndio wenye busara, ijapokuwa nondo na saruji yake hupanda bei. Anayeshindwa kulipia jamvi aweza angalau kuufunga mtaro wake kwa mkanda wa zege lenye nondo, uzungukao kuta zote bila kukatika mlangoni.

Tano, zipo nguzo zinazopelekwa chini mpaka kwenye tabaka gumu. Miji mikubwa imesimama juu yake. Lakini huhitaji mitambo na wahandisi, na katika ukingo wa bonde la ufa tabaka gumu laweza kuwa mbali sana. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, gharama ya nguzo hizo yaweza kuizidi nyumba yenyewe. Mtu akiambiwa kwamba kiwanja chake hakikubali kitu kingine, ameambiwa kwa adabu kwamba ahame.

Wala si uzito na maji peke yake vya kuhesabiwa. Bonde la Ufa hutikisika. Tarehe 13 Desemba 1910 lilitokea tetemeko kubwa la ukanda wa Rukwa, mmoja wa mitikisiko mikubwa iliyopimwa Afrika. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika, likabomoa nyumba Kalemie. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9, dogo kuliko hayo, liliua watu Bukoba na kuangusha nyumba nyingi za tofali zisizofungwa kwa zege na nondo. Mchanga uliojaa maji ukitikiswa waweza kupoteza ugumu wake kwa muda, ukawa kama uji. Mji wa Mexico ulijengwa juu ya ziwa lililokaushwa. Kanisa lake kuu, lililoanzwa mwaka 1573, lilididimia kwa mshazari kwa karne nyingi. Na tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko lililotokea mbali, katika pwani ya Pasifiki, liliangamiza mitaa iliyo juu ya tope la ziwa kuliko ile iliyo juu ya ardhi ngumu. Ujiji si Mexico kwa ukubwa, lakini tope la ziwa halina uraia.

Sheria ya nchi imelitambua jambo hili kwa upande mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu katika mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kipimo hicho ni chema, lakini hupimwa kwa kulala, na ziwa hupanda kwa kusimama. Katika uwanja unaoinuka mita 1 kwa kila mita 100, ziwa likipanda mita 1 huingia ndani mita 100. Mita 60 zote humezwa, na mwenye nyumba aliyetii sheria siku ya kujenga hujikuta ndani ya maji pamoja na aliyeivunja. Kwa nchi tambarare ingefaa alama ya usawa kuliko alama ya umbali: mstari wa mwaka 1964, uliorudiwa kwa karibu mwaka 2024, uoneshwe kwa nguzo za mawe katika mitaa, ili kila mtoto ajue maji yamepata kufika wapi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jamvi moja.

Husemwa kwa urahisi kwamba watu wahame, wapande mlimani. Wasemao hivyo husahau kwa nini watu wako chini. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku na hurudi alfajiri. Mitumbwi, nyavu na vichanja vya kuanikia haviwezi kukaa mbali na macho. Zaidi ya hayo, ardhi iachwayo na maji huwa ya bei nafuu, na humpata yule asiye na uwezo wa kununua penye mwamba. Kwa hiyo wale wanaohitaji msingi wa gharama kubwa ndio wenye fedha ndogo. Na tiba ya mmoja yaweza kuwa maradhi ya jirani: mwenye uwezo akijaza kifusi na kuinua kiwanja chake futi tatu, maji yaliyokuwa yakipita kwake hutafuta njia kwa wasioinua. Nyumba moja huokoka, na mtaa huzama. Mfereji mmoja wa mtaa uliochimbwa kwa shauri la wote huenda ukaisaidia misingi ishirini, ambayo hakuna mmoja wao angeweza kuilipia peke yake.

Hapo ndipo historia inapotoa msaada ambao kipimo cha udongo pekee hakiwezi kuutoa. Wakazi wa kale wa Ujiji waligawa uzito kwa muda. Kilichokuwa cha msimu kilijengwa kwa vitu vya msimu, karibu na maji. Nao hawakuyaona majani na fito kuwa fedheha. Mjenzi wa leo aweza kufuata mgawanyo huohuo kwa vifaa vya leo. Banda la nyavu na la dagaa lijengwe kwa mbao na bati karibu na mtumbwi, kwa namna iwezayo kufunguliwa na kuhamishwa. Nyumba ya kulala watoto, ambayo hutarajiwa kurithiwa, iwekwe juu ya mstari wa 1964, hata kama ni ndogo na ni mwendo wa robo saa. Na kama haiwezekani, ikae juu ya jamvi, na kuta zake ziwe nyepesi kadiri iwezekanavyo. Mjukuu atakayeirithi hatauliza ilipakwa rangi gani. Atauliza, siku maji yatakapopanda, aliyejenga alikuwa amehesabu miaka mingapi.